Alhamisi Iliyoandikwa Jumapili

Mama Utaratibu hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wapangaji wake, na hawakumpa kwa kumpenda. Nyumba yake ilikuwa na vyumba sita vinavyotazamana, ua wa saruji katikati na bomba moja la maji, na ndani ya ua ule hakuna kilichofanyika bila zamu. Kulikuwa na zamu ya kufagia, zamu ya kamba ya kuanikia, zamu ya bomba, na ukutani ilibandikwa karatasi yenye mistari ya rula ikieleza nani aoge saa ngapi. Mgeni akimtembelea mpangaji, mama huyu alimuuliza atakaa siku ngapi kabla hajampa kiti. Mwenyewe alisema huko ni kuwajua watu wa nyumba yako. Ulikuwa umbea, tusidanganyane, ila ulikuwa umbea uliopigwa pasi.

Basi serikali ilipotoa sheria ya daftari, wenye nyumba wengine walinung'unika, yeye akaona hatimaye wakubwa wamepata akili. Sheria ilikuja baada ya bomu la kwanza, lile lililolipuka kwenye mji mkuu na kuua watu wakiwa kwenye foleni ya posta. Nchi nzima iliogopa, na serikali ikiogopa huagiza makaratasi. Kila mwenye nyumba alipewa daftari la kurasa mia, aandike kila jioni: mpangaji gani amelala ndani, nani ametoka, amekwenda wapi, amerudi saa ngapi. Juu ya jalada palichapwa kwa wino mwekundu kwamba atakayeandika taarifa ya uongo atafungwa miaka miwili. Mwezi wa kwanza Mama Utaratibu aliandika kama karani wa mahakama. Hata mtu akikohoa sana aliweka alama pembeni.

Tatizo ni kwamba wapangaji wake hawakuwa na vituko. Muuguzi wa chumba cha pili alitoka saa ile ile na kurudi saa ile ile. Mwalimu wa chumba cha tano alikwenda shule, akarudi kutoka shule, akalala. Kuandika jambo lile lile kila jioni kunachosha hata mpenda utaratibu. Na mkaguzi naye alichoka. Alikuwa sajini mmoja mnene, mpole, aliyepewa nyumba mia tatu za kukagua kwa miguu yake mwenyewe. Jumatatu moja alikaa kwenye kigoda cha mama yule, akavua viatu, akanywa maji bilauri mbili mfululizo.

"Mama, hawa watu wako hawabadiliki," alisema akisugua kisigino. "Kwa nini usiandike wiki nzima mara moja, mimi nigonge muhuri, sote tupumzike?"

Kutoka wiki moja wakafika mwezi. Kila Jumapili ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, Mama Utaratibu alikaa mezani na rula yake, akaandika wapangaji wake watafanya nini mwezi ujao, siku kwa siku. Siku iliyofuata sajini alikuja na kugonga IMEKAGULIWA juu ya siku ambazo jua lake lilikuwa halijachomoza. Hakuna kati yao aliyeona kwamba ni uongo. Kwa mama yule, jambo likishaandikwa vizuri kwenye mstari, ni kazi ya wapangaji kulitimiza.

Na aliyetimiza kuliko wote alikuwa fundi mizani wa chumba cha tatu. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye vidole virefu na maneno machache. Alitengeneza mizani za wenye bucha na wauza nafaka. Chumbani kwake kulikuwa na sanduku la springi za kila ukubwa, mawe ya chuma ya kupimia, na mkebe wa waya. Kila Alhamisi, kwa miaka minne, alipanda basi la saa mbili asubuhi kwenda mji wa jirani, akashuka stendi saa nne, akashinda sokoni akirekebisha mizani, akarudi saa moja jioni. Mama Utaratibu aliziandika Alhamisi zake bila hata kufikiri. Mkono wenyewe ulikuwa umeshazijua.

Alhamisi moja fundi hakwenda.

Saa moja na nusu asubuhi alibisha mlango wa mama mwenye nyumba, shavu limevimba mpaka jicho la upande huo limekuwa dogo. "Mama, una chumvi?" aliuliza kwa nusu ya mdomo. Ilikuwa jino. Mama Utaratibu alimkalisha kwenye kigoda, akamchemshia maji ya chumvi, akamsimamia asukutue huku akimtolea hotuba juu ya vijiko vinne vya sukari anavyotia kwenye chai. Fundi hakuwa na nguvu ya kujibu. Siku nzima alilala kwenye mkeka mlangoni pake akiguna, na kila mama yule alipopita na ndoo au ufagio alimwambia ageuke upande mwingine.

Saa nne za asubuhi ile ile, kwenye stendi ya mji wa jirani, mfuko ulioachwa kati ya mabasi mawili ulilipuka. Walikufa watu tisa. Mmoja wao alikuwa mama aliyekuwa akimnunulia mwanawe tiketi, na redio ilimtaja mara nyingi sana siku ile, mpaka watu wakawa wanaizima.

Kabla ya jua kuzama serikali ilikuwa imezima mtandao na simu nchi nzima ili wauaji wasiwasiliane. Wauaji hatujui kama walipata shida, lakini watoto hawakuweza kuwajulia hali wazazi wao. Ijumaa askari walipita mtaa kwa mtaa kukusanya madaftari yote. Walitaka kujua nani alikwenda mji wa jirani Alhamisi. Mama Utaratibu alilitoa daftari lake likiwa limefunikwa kwa gazeti lisichafuke. Alikuwa bado anawalilia wale watu tisa, na niseme kweli, alikuwa pia na fahari kidogo. Wala haikumpitia akilini alichokuwa anakikabidhi.

Alielewa Jumamosi, saa mbili asubuhi, askari sita walipojaa uani.

Walimtoa fundi mizani chumbani akiwa na kaptula na fulana, shavu bado limetuna. Kiongozi wao, kijana mrefu asiyecheka, alishika daftari lililofunikwa kwa gazeti.

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Jino liliniuma."

"Daftari linasema ulitoka saa mbili kwenda mji wa jirani, ukarudi saa moja jioni."

"Daftari?" alisema fundi, na akamgeukia mama mwenye nyumba. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama mtu aliyefungiwa nje anavyomtazama mwenye ufunguo, akingoja tu aufungue mlango yaishe.

"Mama, hili ni daftari lako?" aliuliza askari.

"Ndilo."

"Mwandiko ni wako?"

"Wangu."

Neno la jino lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, akafungua kinywa kulitoa, na macho yake yakaangukia wino mwekundu pembeni, pale gazeti lilipochanika. Miaka miwili. Akalimeza neno. Askari mwingine alitoka chumbani na sanduku, akanyanyua springi moja kwa vidole viwili kama aliyeshika nge, na wakatazamana kwa maana. Walimpakia fundi kwenye gari, na mama yule alibaki amesimama katikati ya ua na kinywa chake kitupu.

Kufika saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa umejua tangu zamani. Fundi hakuwahi kucheka. Fundi alikuwa anajifungia. Jirani wa nyumba ya pili, mshona nguo, alisema alishamwona akiongea na waya. Watu hawa fundi aliwarekebishia mizani zao bure wakati wa msiba, lakini hofu ikiingia mtaani, fadhila hutafuta mlango wa kutokea. Mwalimu wa chumba cha tano alihamisha viatu vyake vilivyokuwa karibu na mlango wa chumba cha tatu, akaenda kuviweka kwingine.

Jumapili mdogo wake Mama Utaratibu alikuja kumtazama, kwa sababu habari ilikuwa imemfikia. Aliambiwa yote, mpaka mambo ya sajini na muhuri. Alisikiliza ameshika mdomo.

"Dada, nyamaza," alisema alipokwisha kusikia. "Nakuomba kwa jina la mama yetu. Ukisema, utafungwa wewe. Wakiona hana kosa watamwachia wenyewe."

"Watajuaje hana kosa, na mimi ndiye nimewaandikia kwamba analo?"

"Basi Mungu atamsaidia."

"Mungu hakuandika lile daftari, mdogo wangu."

Mdogo mtu alimwachia chakula na kuondoka. Kilipoa vile vile. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, na mchana ule, saa ya kuandika ilipofika, Mama Utaratibu alijikuta amekaa mezani na rula na kalamu mkononi, mbele yake hakuna daftari. Aliona aibu peke yake, bila mtu wa kumwona, na hiyo ndiyo aibu mbaya kuliko zote.

Kilichomsukuma kilitokea Jumatatu jioni. Muuguzi wa chumba cha pili alirudi kazini akiwa anaburuta miguu, kwa kuwa baadhi ya majeruhi walihamishiwa hospitali yake. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake bila kubadilisha nguo. Mama Utaratibu alimpelekea maji, akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini anaonaje habari ya fundi.

"Mimi nimeona miguu ya watoto, mama," alisema muuguzi. Hakulia, alikuwa amechoka mno kulia. "Nataka akamatwe. Nataka akamatwe leo. Lakini nataka awe yeye aliyefanya. Wakimweka mwingine ndani, aliyefanya anatembea. Pengine anapanda basi."

Mama Utaratibu alimshukuru kama aliyepewa dawa, akaingia ndani, akajifungia, akalia mpaka akamaliza. Kisha akafungasha kanga mbili, sabuni na mswaki kwenye kikapu. Alikuwa amekata shauri. Kama ni kufungwa, afungwe akiwa na mswaki.

Jumanne saa tatu asubuhi alikuwa kituoni. Kilikuwa jengo la kawaida lenye rangi mbili ukutani, bluu chini na nyeupe juu, na benchi lililolainishwa na makalio ya wenye shida. Alisubiri saa nzima. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, na nyuma yake yalirundikwa madaftari ya kata nzima, mengi hata dirisha halionekani.

"Sema, mama. Nina dakika tano."

"Nimekuja kufungwa, afande," alisema Mama Utaratibu, akaweka kikapu chake juu ya meza.

Mkuu wa kituo alikitazama kikapu, akamtazama mwenye kikapu. "Kwa kosa gani?"

"Fundi mizani wa chumba cha tatu hakwenda popote Alhamisi. Alishinda mlangoni pake anaumwa jino, na mimi ndiye niliyemchemshia maji. Lile daftari niliandika kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya Alhamisi, afande. Kabla ya siku zote za mwezi huu."

Mkuu alitabasamu kwa huruma, ile huruma ya mtu anayedhani amepata shahidi wa uongo. "Mama, naelewa. Ni mpangaji wako, amekaa nawe miaka. Lakini hapa watu tisa wamekufa. Huwezi kuja kunibadilishia maneno kwa sababu ya huruma. Daftari limekaguliwa na ofisa wangu, lina muhuri."

"Muhuri upo," alisema mama yule. "Ndio maana nimekuja. Hebu litafute daftari langu, lile lenye gazeti. Fungua siku ya leo."

Alifungua, labda kwa kutaka kumaliza. Alisoma. Akasogeza miwani, akasoma tena, safari hii kwa sauti. "Jumanne. Chumba cha tatu, fundi mizani. Ameshinda nyumbani akitengeneza mizani. Amelala saa tatu usiku." Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

"Sasa geuza," alisema Mama Utaratibu. "Soma Alhamisi inayokuja."

"Alhamisi," alisoma mkuu wa kituo, na sauti yake ilianza kupungua. "Fundi mizani ametoka saa mbili asubuhi. Mji wa jirani. Amerudi saa moja jioni." Chini yake muhuri wa zambarau ulisomeka vizuri kabisa: IMEKAGULIWA.

"Na yupo kwako selo," alisema mama. "Sasa ama nimeandika uongo, ama keshokutwa atatoroka, aende kutengeneza mizani, kisha arudi."

Kuna vicheko vinavyotaka kutoka mahali pabaya, na hiki kilikuwa kimojawapo. Mkuu alikizuia. Alivua miwani, akachukua daftari la pili kwenye rundo, la nyumba nyingine kabisa, akalifungua mwisho wa mwezi. Limejazwa. Muhuri. La tatu, hivyo hivyo. La nne mwenye nyumba alikuwa amejaza mpaka mwezi ujao, mchapakazi huyo, na humo mpangaji wake mmoja alikuwa ameshapona ugonjwa ambao hajaupata. Mkuu wa kituo aliyarudisha taratibu, kama anayeogopa yasianguke.

"Mwiteni sajini," alisema.

Sajini aliingia anafunga kifungo cha shingo. Alimwona Mama Utaratibu, akaliona daftari limefunguliwa, akavua kofia. Hakuulizwa swali hata moja. Alisema, "Afande, nyumba ni mia tatu."

Mkuu wa kituo alishika paji la uso. "Unajua nimefanya nini tangu Jumamosi, mama?" alisema. Hakuwa anamkaripia, alikuwa anajikaripia. "Nimemhoji mtu wa mizani. Siku tatu. Nina askari wanne wanapima springi. Yule aliyeweka mfuko, siku tatu hizi, hakuna aliyemtafuta." Akanyoosha mkono kwenye droo, akatoa bahasha yenye simu ndani. "Tangu siku ya kwanza ananiambia nipige simu sokoni waulizwe kama alifika. Mtandao ulikuwa umezimwa. Umewashwa jana mchana, na mimi sikukumbuka, kwa sababu nilikuwa na daftari."

Aliiwasha simu ya fundi, akatafuta namba ya mwenye bucha aliyepigiwa mara nyingi zaidi, akaweka sauti ya nje. Iliita mara moja tu.

"Fundi!" ilipiga kelele sauti ya mwanamume. "Fundi! Fundi ni wewe? Sema neno, fundi!"

Mkuu wa kituo alifungua kinywa, lakini yule hakumpa nafasi.

"Uko hai! Jamani, fundi yuko hai, njooni!" Watu walisikika wakikimbia. Mwanamume yule alikuwa akilia waziwazi, bila kujificha. "Tumekutafuta, fundi. Wewe si huwa unashuka saa nne pale pale? Tumepita wodi zote. Mochwari tumefunua mashuka, mimi na muuza maharage, shuka kwa shuka, tukitazama vidole. Tulikuwa tunatafuta vidole vyako, fundi. Mbona husemi?"

"Hapa ni polisi," alisema mkuu wa kituo kwa shida.

"Basi amekufa," ilisema ile sauti.

"Hajafa, bwana. Niko naye hapa kituoni, mzima. Nataka jambo moja tu. Alhamisi alifika kwenu?"

"Angefika, tungemtafuta kwenye maiti?"

Mama Utaratibu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Ilikuwa mara ya kwanza kuisoma Alhamisi ile kama ilivyokuwa kweli. Basi la saa mbili, kushuka saa nne, stendi. Vile alivyoandika, kwa mistari yake iliyonyooka, ndivyo fundi angekufa. Lau mtu yule angelifuata daftari lake asubuhi ile, angekuwa wa kumi. Machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi ya shukrani, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwake mpangaji alikuwa amekosea zamu na yeye alifurahi mpaka mifupa.

Fundi mizani alitolewa nusu saa baadaye. Alipewa mkanda, viatu, simu na sanduku lake, na askari aliyekuwa akipima springi alimrudishia moja kwa mikono miwili. Shavu lilikuwa limepungua. Mkuu wa kituo alisimama akamwomba radhi, jambo ambalo askari wa zamu walilizungumza wiki nzima. Kisha alimgeukia Mama Utaratibu.

"Wewe nikikushtaki, nimshtaki na sajini. Nikimshtaki sajini, nishtaki nyumba mia tatu. Na kwenye jalada la kila robo mwaka kuna sahihi yangu kwamba kata hii inaandika vizuri kuliko zote." Akasukuma kikapu kuelekea kwake. "Nenda nyumbani na mswaki wako. Daftari linabaki hapa. Mimi nina mtu wa kumtafuta."

Walitoka pamoja. Jua lilikuwa kali na zuri. Fundi alitembea hatua mbili mbele, sanduku begani, na mama nyuma na kikapu chake. Fundi alikuwa ameshayasikia yote pale kituoni, lakini si kutoka kwa mama mwenyewe.

"Fundi," alisema mama walipomaliza mitaa miwili. "Jumamosi nilikuwa naweza kusema, nikanyamaza. Niliogopa kufungwa. Siku zako tatu nimezila mimi. Nisamehe, mwanangu, au usinisamehe, lakini nimekosa."

Fundi hakusimama. "Nilikuona ukifungua mdomo," alisema. "Usiku ule nilikukasirikia kuliko hata wao. Wao hawanijui." Akabadilisha sanduku upande wa pili wa bega. "Sasa sijui, mama. Sasa nimechoka tu."

Kwenye kona mshona nguo, yule aliyeona mtu akiongea na waya, aliinuka kutoka kwenye cherehani yake na mikono juu. "Fundi! Si nilisema? Tulijua tu huna kosa!" Fundi alimwitikia kwa heshima zote na kupita. Mama Utaratibu alimpa jicho ambalo mshona nguo hatalisahau.

Walipofika, fundi aliingia chumba cha tatu na kufunga mlango. Mama yule alikaa kwenye kigoda uani, hana hata nguvu ya kuweka kikapu ndani. Alisikia vitu vikiburutwa. Alisikia sanduku likisogezwa, kitu kizito kikigonga ukuta, kisha tena kuburutwa. Anafungasha, alijiambia. Ana haki. Mtu hawezi kulala kwenye nyumba iliyompeleka selo. Alianza kupanga maneno ya kumuaga, kisha akaona hana haki hata ya kumuaga, atamwacha tu apite, na atamshikia lango.

Mlango ulifunguliwa. Fundi alitoka kinyumenyume, ameinama, jasho linamtiririka, anavuta godoro lake lenye alama za viatu vya askari. Alilivuta mpaka katikati ya ua penye jua, akajaribu kuliegemeza ukutani, likamshinda, likakunjika katikati.

Mama Utaratibu alilitazama godoro lile, na kwanza hakuelewa. Kisha alielewa, na pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Jumamosi ikamtoka yote kwa pamoja. Mtu anayehama haaniki godoro.

Akainuka, akashika upande wa pili.